Tangi moja, betta watatu: namna ya kugawa akwariamu ya sentimita 60 hapa Goma

Madume wawili wa betta hawakai chumba kimoja. Samaki huyu, Betta splendens, asili yake ni Thailand, na huko kwao watu walimfuga kwa ajili ya kumpiganisha kabla hajawa pambo la sebuleni. Ukiwaweka madume wawili kwenye maji mamoja bila kuwatenga, watararuana mapezi mpaka mmoja afe, na aliyebaki mara nyingi humfuata kwa vidonda. Majike nao wana ugomvi wao, ingawa wauzaji wengi watakuambia hawana shida.

Kwa hiyo anayetaka zaidi ya mmoja ana njia mbili: kununua tangi, pompu na rezistansi (kifaa cha kupasha maji joto) kwa kila samaki, au kugawa tangi moja. Kwa mji wetu napendelea ya pili. Rezistansi moja inakula umeme kidogo kuliko tatu, na maji mengi yakiwa pamoja yanapoa polepole kura, yaani umeme, ikikatika. Ila ujue unachokubali. Ukuta unatenga samaki, hautengi maji. Ni kama parseli yenye wapangaji watatu: kila mtu ana mlango na kufuli yake, lakini choo ni kimoja. Mmoja akilishwa kupita kiasi, amonia, sumu inayotoka kwenye uchafu na mabaki ya chakula, inawafikia wote. Mmoja akiugua, majirani wameshaguswa. Ndiyo maana sehemu kubwa ya mwongozo huu inahusu jinsi ya kuyafanya maji yapite ukutani huku samaki wakibaki kwao.

Hatua ya 1: Hakikisha tangi linagawika

Chukua tangi la kawaida la sentimita 60 kwa 30 kwa 30. Kwa hesabu ya nje ni lita 54. Ukitoa unene wa kioo, changarawe ya chini na sentimita 4 unazoacha tupu juu, unabaki na lita 40 na kidogo. Vyumba vitatu vinampa kila samaki lita 12 hivi za kuogelea. Chini ya lita 10 kwa samaki mimi singegawa. Vinne ndani ya tangi hili vinawezekana kwenye karatasi, lakini dume mwenye mkia mrefu atakuwa anagusa ukuta kila anapogeuka. Tangi la sentimita 40 ni la samaki wawili, basi.

Kama unalitengenezesha, mwambie fundi vioo akupe kioo cha milimita 6. Cha 5 kinabeba kina hicho, ila tofauti ya bei si kubwa na utalala usingizi.

Likijaa litakuwa na uzito wa kilo 65 hivi. Kwenye nyumba ya mbao, weka meza mahali ambapo miguu yake inakanyaga maboriti ya sakafu, usiiweke katikati ya ubao mmoja. Chini ya tangi tandika kipande cha frigoliti (povu gumu jeupe la kufungia vifaa), kisha pima kwa nivo. Na hizo sentimita 4 za juu usizijaze maji. Aliyekuwa hapa baada ya mlipuko wa Nyiragongo wa tarehe 22 Mei 2021 anakumbuka siku zile za mitetemeko mfululizo. Hata mtetemeko mdogo unayumbisha maji ya tangi na kuyamwaga, na betta anaweza kubebwa na wimbi hilo akavuka ukuta mfupi.

Hatua ya 2: Vifaa, na kimoja cha kukiepuka kabisa

Unahitaji:

- wavu wa plastiki ngumu, matundu ya milimita 2 hadi 3, vipande vinne
- bageti za plastiki za kubania ripoti, saizi ya A4, 12
- silikoni ya vioo, alkoli ya kusafishia, skochi (utepe wa gundi), wembe
- chujio la sponji, pompu ya hewa, mpira wake na klape ya kuzuia maji kurudi
- bomba la PVC la milimita 20 na kona zake mbili
- rezistansi ya wati 75 yenye kidhibiti joto, na vipimajoto vitatu vya bei ndogo

Wavu ule wa plastiki wanaodarizia kwa uzi wa sufu ndio bora. Ukiukosa, zunguka kwa mama wanaouza vyombo vya plastiki soko la Virunga au Birere, utafute vikapu na machujio yenye sehemu bapa ndefu ya kukatwa. Rangi nyeusi au kijani iliyokoza inazuia macho zaidi kuliko nyeupe. Bageti zinapatikana papeteri yoyote wanapofunga kazi za wanafunzi, na zina uzuri mmoja: ya A4 ina urefu wa sentimita 29.7, karibu sawa kabisa na kimo cha tangi lako.

Silikoni iwe ile tupu ya vioo, inayonuka siki ikiwa mbichi. Ile ya bafuni ina dawa ya kuua kuvu na itaua samaki pia. Kwenye kenkayeri, duka la vifaa vya ujenzi, usione haya kuuliza: «Papa, hii iko na dawa ya kuvu ndani?» Akisita, soma tyubu mwenyewe.

Cha kuepuka ni chandarua cha mbu. Najua kila nyumba inacho, matundu yake yanavutia, na kukikata ni rahisi. Lakini vyandarua vinavyogawiwa bure vimetiwa permetrini au deltametrini. Kwa binadamu kipimo kile kimeruhusiwa, kwa samaki ni sumu kali hata kikiwa kidogo mno. Usijidanganye kwamba chako kimefuliwa sana: vimetengenezwa vihimili kufuliwa angalau mara 20 dawa ikiwa bado inafanya kazi. Waya wa madirisha nao uache, hasa wenye zinki au shaba. Na sponji ya godoro, ambayo wengine huisimamisha kama ukuta, ina matundu madogo sana; inaziba upesi na chumba cha nyuma yake kinageuka dimbwi.

Hatua ya 3: Kujenga kuta

Kila ukuta uwe na nyavu mbili zilizoachana sentimita 2. Wavu mmoja unatosha kumzuia samaki asipite, hautoshi kumzuia asimwone jirani yake wala asimng'ate pezi lililopenya tunduni. Nimeona dume akisubiri jirani alale ameegemea wavu, kisha anavuta nyuzi za mkia wake moja moja kupitia upande wa pili. Nyavu mbili zinamaliza mchezo huo.

Tangi likiwa kavu, pima upana wa ndani juu, katikati na chini. Matangi ya kubandikwa kwa mkono hayana pembe kamili, na tofauti ya milimita 3 ni ya kawaida. Tumia kipimo kidogo kuliko vyote. Kwa kioo cha milimita 6 utapata sentimita 28.8 au pungufu kidogo. Wavu ukatwe milimita 4 chini ya hapo, ili uingie ndani ya bageti zote mbili bila kujikunja. Wavu unaoingia kwa kulazimishwa utatuna ukishapata maji ya moto, na ukituna unaacha mwanya pembeni.

Weka alama kwa kalamu ya wino nje ya kioo. Ukuta wa kwanza uanze sentimita 18.3 kutoka mwisho mmoja wa ndani, wa pili hivyo hivyo kutoka mwisho mwingine, na kila ukuta una mistari miwili yenye sentimita 2 kati yake. Safisha sehemu hizo kwa alkoli, uache zikauke. Kata bageti nane za wima zilingane na kimo cha ndani, na nne za sakafuni.

Tia silikoni mstari mwembamba mgongoni mwa bageti na uibandike kwenye kioo, mdomo wake ukitazama ndani ya tangi. Kabla silikoni haijashika, chomeka wavu kwenye bageti zote tatu za mstari huo, mbili za pembeni na ya chini. Wavu wenyewe ndio utakaokuonyesha kama zimesimama sawa. Shikilia kwa skochi. Silikoni iliyobanwa nje ikatwe kwa wembe siku ya pili. Mahali ambapo bageti inapita juu ya silikoni ya zamani ya tangi, kwaruza kwanza, maana silikoni mpya haishiki vizuri juu ya ya kale.

Acha siku tatu nzima. Kwenye maelezo ya tyubu utaona saa 24, lakini baridi ya hapa inaichelewesha. Harufu ya siki ikiwa bado ipo, haijaiva.

Kisha kagua. Samaki hupita panapopita kichwa chake, na kichwa cha betta mchanga ni chembamba. Chukua kijiti cha kiberiti: kikipita kwa tabu, sawa. Penseli ikipita, ziba. Pembe mbili za chini ndizo zinazosahauliwa sana. Juu, wavu ufike mpaka kwenye kifuniko chenyewe. Betta anaruka, na anaruka hasa usiku wa kwanza.

Nafasi ile ya sentimita 2 kati ya nyavu wengi wanaiacha tupu. Hapa kwetu kuna kitu kizuri cha kuijaza, nacho kiko kila kona ya mji bila kulipia: mawe mepesi ya volkano, yale yenye matundu matundu. Yapasue yafikie ukubwa wa punje ya mahindi hadi sentimita 1.5, yasugue kwa brashi, yaloweke wiki moja ukibadilisha maji kila siku mpaka yasitoe vumbi. Yajaze mpaka nusu ya kimo, yasishindiliwe, kisha juu yake tia mmea usiohitaji udongo. Ukuta wako sasa unazuia macho, na bakteria wanaokula amonia wamepata makao kwenye kila tundu la jiwe. Jiwe hilo hilo usiliweke ndani ya chumba cha samaki kama pambo. Kingo zake zinakwaruza, na pezi la betta ni jepesi kama utando wa kitunguu.

Hatua ya 4: Yapitishe maji, ulisambaze joto

Hapa ndipo matangi mengi yaliyogawiwa yanaposhindwa. Mtu anaweka chujio chumba cha kwanza, rezistansi chumba cha kwanza, anaona mapovu, anaridhika. Chumba cha tatu kinabaki na maji yaliyolala, baridi na machafu, na samaki wa huko ndiye anayeugua kila mara.

Chujio la sponji linanyonya maji kwa nguvu ya hewa na kuyarudisha juu, chumba kile kile. Kwa hiyo lilazimishe liyapeleke mbali. Weka sponji chumba cha tatu, unga bomba la PVC kwenye mdomo wake wa juu, lipige kona, lipite usawa wa maji kupitia nyavu zote hadi chumba cha kwanza, na lishuke kwa kona ya pili. Matundu ya kupitishia bomba uyakate yabane kabisa. Sasa maji yanamwagwa chumba cha kwanza, na njia pekee ya kurudi kwenye sponji ni kupenya kuta zote mbili. Mdomo wa bomba ukiwa juu ya uso wa maji kwa zaidi ya kidole, hewa haitakuwa na nguvu ya kuyasukuma, kwa hiyo lilaze chini. Mkondo utakuwa mdogo, na betta anapenda hivyo.

Rezistansi ikae chumba cha kwanza, karibu na maji yanapomwagikia. Iweke nyuzi 26. Betta anataka kati ya 24 na 28, na nyumba nyingi za Goma zinakaa kwenye 19 au 20 mchana, usiku zaidi ya hapo chini. Yaani kwetu rezistansi si ya msimu, ni ya mwaka mzima.

Kabla ya samaki yeyote kuingia, tia kipimajoto kila chumba na usome baada ya siku moja. Hicho ndicho kipimo chako cha mkondo pia: joto likipishana kwa zaidi ya nyuzi 1 kati ya cha kwanza na cha tatu, maji hayapiti vya kutosha. Ongeza hewa, au punguza mawe ukutani, upime tena.

Klape kwenye mpira wa hewa usiiache dukani. Kura ikikatika, maji ya tangi yanaweza kurudi kupitia mpira, yakaingia kwenye pompu na kumwagika sakafuni mpaka tangi lipungue. Kama huna klape, tundika pompu juu kuliko uso wa maji. Waya wa rezistansi uning'inie chini ya soketi kwanza ndipo upande, ili tone la maji linalofuata waya lidondoke kabla ya kufika kwenye umeme. Kwa umeme unaopanda na kushuka, stabilizateri, kifaa cha kuutuliza, ni ya lazima. Rezistansi iliyoungua ikiwa imekwama upande wa kuwaka inapika samaki wote watatu kwa usiku mmoja.

Hatua ya 5: Maji ya Goma

Ushauri mwingi unaosomwa kuhusu betta umeandikwa na watu wenye maji laini ya bombani. Sisi tunakunywa Ziwa Kivu. Maji yake ya juu yana pH (kipimo cha asidi, 7 ikiwa katikati) karibu na 9 na yamejaa bikarboneti na magnesi kutoka kwenye miamba ya volkano. Betta kwa asili ni wa maji laini ya mashamba ya mpunga na vinamasi, pH 6.5 hadi 7.5 hivi. Anaweza kuzoea 8 kama haibadiliki-badiliki. Kwenye 9 shida si pH yenyewe tu, ni amonia.

Amonia kwenye maji ipo kwa sura mbili, moja ina sumu kali na nyingine haina madhara makubwa, na pH ndiyo inayoamua mgawanyo wake. Kwa joto la nyuzi 25, kwenye pH 7 sehemu yenye sumu haifiki asilimia 1. Kwenye 8 inafika asilimia 5 na kidogo. Kwenye 9 ni zaidi ya theluthi moja. Uchafu ule ule wa samaki wale wale, usiomdhuru betta wa mahali pengine, hapa unamchoma mashavu. Ndiyo sababu anayetumia maji ya ziwa matupu huona samaki wanahema juu juu ilhali tangi linang'aa.

Dawa yake inaanguka kutoka mbinguni. Maji ya mvua hayana chumvi karibu yoyote. Changanya nusu kwa nusu na ya ziwa, pima pH, kisha rekebisha mpaka upate kati ya 7.5 na 8. Usitumie ya mvua peke yake, kwa kuwa hayana kinga na pH yake inaweza kuporomoka ghafla. Bikarboneti ya ziwa inayotusumbua ikiwa nyingi, ikiwa kiasi ndiyo inayoshikilia maji yasiyumbe.

Mvua nayo ina masharti. Volkano ikitoa moshi mwingi juu ya mji, mvua inashuka na asidi na floridi, na asidi hiyo inakwangua zinki ya mabati. Usikinge siku hizo. Siku nyingine zote, acha mvua ioshe paa dakika 15 ndipo uweke ndoo.

Klorini isikupite pia. Maji ya robine, yaani ya bomba, yana klorini. Na bidoni iliyochotwa ziwani moja kwa moja huenda nayo imetiwa klorini pale pale ufukweni, na wale wahudumu wenye sindano za kupimia klorini wanaopambana na kipindupindu. Kazi yao ni njema na usiwakatalie maji ya kunywa, lakini maji hayo kwa samaki ni sumu yakiwa mabichi. Yaache kwenye ndoo wazi saa 24 hadi 48, ukiweza uyatie mapovu ya pompu, klorini itaruka. Ukipata matone ya kuondoa klorini, weka pembeni kwa siku ya dharura.

Hatua ya 6: Subiri

Tangi lenye maji mazuri bado halijawa tayari. Bakteria wa kula amonia wanahitaji wiki 4 hadi 6 kujijenga, na chini ya nyuzi 24 zaidi ya hapo, kwa hiyo rezistansi iwashwe tangu siku ya kwanza. Tia chembe chache za chakula cha samaki kila siku mbili zioze. Utapima amonia ikipanda kisha ishuke, nitriti (ambayo bakteria huitengeneza kutoka kwenye amonia, kabla ya kuigeuza nitrati) ipande kisha ishuke. Zote mbili zikisoma sifuri na nitrati ikionekana, ingiza samaki. Mwenzako mwenye tangi la zamani akikukamulia sponji yake ndani ya lako, muda unapungua sana.

Pima kila chumba peke yake. Namba zikitofautiana kati ya vyumba, rudi hatua ya 4.

Hatua ya 7: Kuwaingiza

Samaki aliyesafiri kutoka Kigali au Kampala kwenye kifuko amechoka na maji yake yamepoa. Mweke kwanza wiki tatu au nne kwenye ndoo yake yenye joto, mbali na tangi. Kwenye tangi la parseli moja huwezi kumkaribisha mgeni asiyejulikana afya yake, kwa sababu unamkaribisha kwa wote.

Siku ya kuhamisha, mtie kwenye kifuko na maji ya ndoo yake, kiache kielee dakika 20, ongeza kikombe kidogo cha maji ya tangi kila dakika kumi mara nne au tano, kisha mtoe samaki kwa kikombe bila kumwaga maji yake ndani. Waingize siku moja wote watatu, au yule mpole wa kwanza. Aliyetangulia anajiona mwenye nyumba nzima. Mkali kuliko wote apewe chumba cha mwisho. Wa katikati ana majirani wawili, hivyo awe yule asiyejali sana.

Watatunisha mashavu siku za mwanzo, hilo ni kawaida. Ila dume anayezunguka kando ya ukuta kutwa, asiyekula, aliyepauka au anayejing'ata mkia, bado anaona kitu. Inama mpaka macho yako yalingane na ya samaki, utazame kutoka chumbani mwake. Mara nyingi utakuta mwanya wa mwanga juu ya mawe, kati ya majani. Jaza mmea. Jani pana la kupumzikia karibu na uso wa maji linamtuliza pia, kwani betta ana kiungo cha kupumulia hewa na huja juu mara kwa mara. Kwa sababu hiyo hiyo kifuniko kisitolewe usiku: hewa iliyo juu ya maji iwe ya vuguvugu.

Kila wiki

Badilisha robo ya maji, kama lita 10, nusu ya bidoni. Yaandae jana yake, yafikie joto la tangi kabla hayajaingia. Chomoa rezistansi dakika 15 kabla ya kushusha maji, la sivyo kioo chake kitapasuka. Nyonya uchafu wa kila chumba, kisha pitisha mswaki mpya juu ya nyavu, kwa sababu matundu ya milimita 2 yanazibwa na ukungu na mabaki ya chakula. Mawe ya ukutani usiyaoshe yote kwa pamoja, na kamwe usiyaoshe kwa maji ya robine. Suuza machache kwenye maji uliyoyatoa.

Chakula ni punje 3 au 4 asubuhi, hivyo hivyo jioni, na siku moja ya kufunga. Viluwiluwi vya mbu wanavipenda mno. Ukivikuta kwenye ndoo ya mvua, vuna vyote siku hiyo hiyo. Usigeuze ua wa nyumba kuwa shamba la malaria. Unga mkavu wa sambaza, wale dagaa wa Ziwa Kivu, usiwape. Una mafuta mengi na unaacha utando juu ya maji.

Kura ikikatika

Betta watatu hawatakufa kwa kukosa mapovu, wanapumua hewa. Adui ni baridi. Funika tangi kwa blanketi pande zote, juu uache upenyo. Yakipita masaa manne au matano, jaza chupa ya plastiki maji ya moto kiasi unachoweza kuyashika kwa mkono, ifunge vizuri, ielee kwenye chumba kimoja, baadaye kingine. Bila pompu hakuna mkondo, kwa hiyo joto la chupa linabaki pale ilipo, na ndiyo maana unaihamisha. Maji ya moto usiyamimine ndani. Usiwalishe mpaka umeme urudi, kwa kuwa bakteria nao wamepungukiwa hewa na hawawezi kazi ya kawaida.

Mmoja akiugua

Mapezi yanayooza yanatibiwa nje. Mhamishie kwenye ndoo ya lita 10 yenye joto, mtibu huko, maana dawa ukiitia kwenye tangi inaua bakteria uliowangoja mwezi mzima. Vidoa vyeupe kama chumvi ni habari nyingine: kimelea chake kinaogelea ndani ya maji na kimeshavuka kuta, kwa hiyo tangi zima linatibiwa hata kama samaki wawili bado wanaonekana safi.

Chumba kikibaki kitupu, usikimbilie kukijaza. Pompu na rezistansi ziendelee, maji yabadilishwe kama kawaida, na mgeni apite kwanza kwenye ndoo yake wiki zile zile tatu au nne. Wakati huo ndio mzuri wa kuchomoa nyavu za upande ule, kuzitazama kama zimeanza kutuna, na kukata mpya kwa kipimo ulichoandika siku ya kwanza.